Niliposoma Matokeo Mbele ya Bibi Pasi

Kitindamimba wa mama, mdogo wangu nikupendaye,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, na kama mama kaketi karibu nawe, mpe za kwake kwanza ndipo urudi kusoma zako. Natumaini mu wazima, goti lake limepungua uvimbe, na kile kikohozi chako kimekuachia. Mimi mwili wangu hauna neno. Roho ndiyo usiniulize, ingawa nitakuambia bila kuulizwa. Barua hii nimeshaianza na kuichana, maana kila nikianza inageuka malalamiko kabla sijamaliza salamu. Hii nimeamua niiache ilalamike inavyotaka.

Uliniuliza kama nimezoea. Nimezoea baadhi ya mambo. Nimezoea kufungua dirisha na kuona ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba nikinyoosha mkono naupapasa. Nimezoea mwenye nyumba wangu kunipigia kelele anaposema nami, si kwa ubaya, ila kwa sababu lugha yao naishika kwa mkia tu na yeye anadhani asiyejua lugha ni kiziwi. Lakini jiko lake sijalizoea. Analifunga mapema jioni, na mimi kazi yangu ndiyo kwanza inaisha saa hizo, kwa hiyo siku nyingi nalala na mkate mkavu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nami kamba yangu ni ufunguo wa jiko.

Nyumbani mlinisindikiza kama bibi harusi, mkaambia mtaa mzima nimekuja kufundisha Kiingereza shuleni. Hata mimi niliambiwa hivyo. Mratibu wa shirika lililonileta hakuona haja ya kunieleza kwamba shule yenyewe ni kiwanda cha kufua nguo. Naam, dobi, ila dobi mkubwa, wa mashuka ya hospitali na mataulo ya hoteli. Nafundishia kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi zamu ya mchana ikiisha. Ubao wangu ni mgongo wa kabati. Nyuma ya ukuta kuna mashine za kukausha zinanguruma, basi kila ninachofundisha nafundisha kwa kupayuka, na nikifika chumbani sauti yangu ni ya jogoo mgonjwa.

Wanafunzi wangu ni wanawake kumi na wanne. Wanakuja na vidole vilivyokunjamana kwa maji na miguu iliyovimba, wanakaa upandeupande ili waweze kuinyoosha. Nitakutajia wawili tu, maana ndio walioniharibia usingizi.

Wa kwanza ni msimamizi wao, mama wa makamo ambaye wenzake wanamwita Bibi Pasi, bila shaka akiwa hayupo. Kutwa anapita katikati ya meza za kupigia pasi akipitisha kiganja juu ya mashuka, na mkunjo usioonwa na mtu yeyote yeye anaukuta. Hapayuki, hagombi. Akikuta kosa analigonga kwa kidole mara moja na kupita. Naye alijiandikisha darasani, akaketi mbele kabisa, katikati, na kalamu mpya.

Wa pili ni mama mmoja mwenye watoto pacha, basi mimi namwita Mama Pacha. Huyu anasimama kwenye pasi ya mvuke mpaka mishipa ya miguu imemtoka, wiki moja mchana na wiki moja usiku, na zamu ya usiku watoto wanalala kwa jirani. Akili yake ni ya wembe. Neno ukimwambia leo, kesho anakurudishia limezaa. Ndani ya muda mfupi alikuwa anafanya mzaha kwa Kiingereza, tena mzaha wa kuchekesha, jambo ambalo mimi mwenyewe sikuliweza mpaka nilipofika chuo.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Kiwanda kinafungua kaunta kwenye hoteli moja, wageni walete nguo zao hapo. Anatakiwa mfanyakazi mmoja anayejua Kiingereza, wa kukaa. Nasema kukaa, kwenye kiti, na kazi ya mchana tu. Meneja alitangaza kwamba nafasi hiyo atapewa atakayefanya vizuri kupita wote katika mtihani wa kuzungumza ambao shirika letu linautoa mwisho wa kozi. Mama Pacha aliniambia, kwa maneno niliyomfundisha mwenyewe, kwamba anaitaka kaunta ile ili awe anawalaza wanawe kwa mkono wake. Tangu siku hiyo nikajiapiza ataipata, la sivyo nimekuja huku bure.

Kisha nikamharibia kwa mdomo wangu. Tulipofanya jaribio la kwanza nilisahihisha, nikaja darasani nimejaa furaha, nikasoma matokeo kwa sauti, wa kwanza mpaka wa mwisho, kama mwalimu mkuu wetu alivyokuwa akisoma siku ya kufunga shule. Kwetu ndivyo ilivyo: wa kwanza anasimama, anapigiwa makofi, na wa mwisho anakwenda nyumbani akajipange. Nikamsimamisha Mama Pacha, nikapiga makofi. Nikayapiga peke yangu. Bibi Pasi alikuwa wa tatu kutoka mwisho, na mimi kwa ujuha wangu nikamchangamkia, nikamwambia asikate tamaa, aige mfano wa mwenzake. Wengine wakajifanya wanatafuta kitu mikobani. Nikadhani ni haya tu za watu wazima.

Wiki iliyofuata Mama Pacha alikuja ananuka dawa ya kuulia vijidudu. Alikuwa ameondolewa kwenye pasi na kupelekwa kuchambua mashuka machafu ya hospitali, kazi ambayo hakuna anayeiomba. Nilipomuuliza alitabasamu akasema zamu yake imefika. Nami nikaamini. Darasa likafa tangu hapo. Nikiuliza swali wanatazama viatu. Nikimwita mtu kwa jina ananijibu kwa neno moja, tena la kukosea. Mama Pacha ndiye aliyenitia wazimu zaidi, maana alianza kukosea mambo ambayo mwezi mmoja nyuma alikuwa anawaeleza wenzake. Jaribio la pili, wote wakaporomoka. Bibi Pasi, na alama zake zilezile, akawa wa kwanza.

Hilo lingetosha kumfungua macho mtu mwenye macho. Mimi niliwaka. Nikawaambia nimemwacha mama yangu mgonjwa na mdogo wangu peke yake, nafanya kazi bila mshahara, nalala na mkate, kumbe nimekuja kufundisha kuta. Waliinamisha vichwa. Bibi Pasi peke yake ndiye aliyekuwa akitikisa kichwa kunikubalia. Nikamwandikia mratibu kumweleza hali ilivyo, naye akanijibu niwe na subira na nijaribu kutumia nyimbo. Watu wamesimama kutwa nzima kwenye mvuke, eti niwaimbishe. Nilicheka peke yangu njia nzima, cheko la mtu anayetaka kulia.

Aliyenitegulia kitendawili ni mwenye nyumba. Siku moja isiyo na darasa alinikuta jikoni kwake napigapiga masufuria, akataka kujua nina nini. Nikamweleza, nusu kwa lugha yake na nusu kwa mikono. Kumbe naye alifanya kazi kiwandani pale mpaka kiuno kilipomshinda. Alicheka mpaka akashika meza. Akaniambia huku kwao mfanyakazi hamtangulii msimamizi hata mlangoni. Akila polepole, na wewe unapunguza tonge. Akasema mimi nimemvua nguo mama wa watu mbele ya wanawe, halafu nashangaa watoto wamefunika macho. Mama Pacha alishaadhibiwa na wengine wote wameona. Hawakosei, akasema, wanamsubiri, na kama nataka wapande basi nimpandishe yule aliye mbele yao.

Ungedhani nitaona haya. Haya zilikuja, lakini zilichelewa. Kwanza niliwakasirikia wao kwa kutoniambia, kisha nikamkasirikia Bibi Pasi, kisha mratibu, maana alikaa hapa miaka na hakunidokezea hata neno. Mimi mwenyewe nilijifikia mwishoni kabisa, nilivyo siku zote, unanijua.

Nilikwenda kumwomba radhi Bibi Pasi. Alinipokea katika kiofisi chake chenye kioo, watu wote wanatuona, akajifanya hajui naongelea nini. Alisema Mama Pacha kahamishwa kwa mahitaji ya kazi. Lakini nilipogeuka kuondoka akaniuliza, huku anapanga kalamu zake, kama naweza kuwa nafika asubuhi kabla zamu haijaingia, wakati chumba cha pasi kiko kitupu. Nikaelewa. Nikaanza kumfundisha kwa siri, katikati ya meza.

Mdogo wangu, ulimi wa mama yule ni mzito. Neno tukiagana nalo leo vizuri, kesho tunakutana nalo kama mgeni. Kuna asubuhi nilitoka nje nikasimama barabarani nivute pumzi ili nisimwambie kitu cha kujutia. Mwishowe niligundua kwamba hashiki kitu kama mikono yake imekaa bure, basi nikawa namfundisha huku anakunja foronya, na hapo kidogo yakaanza kuingia. Siku moja, foronya mkononi, akaniambia kwamba mashine mpya zinakuja na maelekezo yake ni ya Kiingereza, na meneja ameshasema msimamizi asiye na cheti cha lugha atapumzishwa. Miaka yake yote ameimalizia pale. Alisema hivyo bila kunitazama, akaendelea kukunja. Nilikuwa nimeshafika mahali pazuri pa kumchukia, naye akaniharibia chuki yangu.

Nikamwomba amrudishe Mama Pacha kwenye pasi. Akaendelea kupiga pasi shuka lake mpaka likaisha. Wiki ile ile akamrudisha.

Nikajua mambo yametengemaa, kumbe wapi. Darasani Bibi Pasi akipanda kidogo, darasa zima linapanda kidogo, nyuma yake, hakuna anayempita hata kwa unywele. Nilikuwa kama mtu anayesukuma gari lenye breki ya mkono. Mama Pacha nilikuwa namfanyisha mazoezi kwenye ukumbi wa nje, yeye na mimi tu, na huko alikuwa anatiririka. Nikimsihi afanye hivyo siku ya mtihani ananiambia ndiyo, Mwalimu. Ndiyo ile ya kukuondoa mlangoni.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa watu wawiliwawili kuzungumza mbele ya mtahini, na anayenyanyuka kabla ya kumaliza anahesabiwa hakufanya. Nilimwomba mratibu asije akawaweka pamoja wale wawili. Akasema orodha imeshachapishwa, niwe na subira. Basi nikakaa ukutani, nimekatazwa kufungua mdomo, nikawatazama wanaingia, Bibi Pasi mbele na Mama Pacha nyuma yake. Mtahini, mama mmoja mwenye mafua na kitambaa mkononi, akawapa jambo la kuzungumzia: mgeni wa hoteli amekuja na hasira, shati lake limeunguzwa, mtampokeaje. Tulikuwa tumelifanyia mazoezi jambo hilo hilo ukumbini, mpaka Mama Pacha akanichekesha.

Bibi Pasi alianza. Alihangaika, jasho likamtoka, akapata maneno matatu manne ya kuomba radhi na akayashikilia. Ikaja zamu ya Mama Pacha. Nilimwona akifungua midomo, sentensi nzima imeshafika pale, nzuri, imenyooka. Kisha akamtupia jicho msimamizi wake, akaifunga. Akatoa maneno mawili tu, akatabasamu kidogo, akainamisha macho. Mtahini akaandika kitu. Na mimi, mdogo wangu, uso ule nilishawahi kuuona, na si huku. Nitakuambia ni wapi.

Bibi Pasi aligeuka akamtazama Mama Pacha. Alimtazama kwa muda, vile anavyotazama shuka. Kisha akanyanyuka, akakirudisha kiti chake chini ya meza, akamwambia mtahini kwa Kiingereza, polepole lakini bila kosa, kwamba anakwenda kuangalia mashine. Mtahini akamkumbusha kwamba akitoka ndiyo basi. Akasema amesikia. Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukalia.

Mama Pacha alibaki anautazama mlango. Mtahini akaniashiria nikae mimi kwenye kile kiti niwe mgeni mwenye shati. Wa hasira. Kwa hasira nilikuwa nimejiandaa miezi kadhaa. Nilimfokea kuhusu shati lile kwa yote niliyokuwa nayo, mkate mkavu, nyimbo, subira, kuta, na yule mama akanipokea. Akanituliza, akaniuliza chumba changu, akaniahidi na kunielewesha, akaweka na mzaha mdogo mahali pake, hata mtahini akasahau kupenga mafua. Waliofuata nao wakafungua midomo, maana aliyekuwa mbele yao hakuwamo tena. Kaunta amepata Mama Pacha. Jumatatu iliyopita nilipita pale hotelini, nikamkuta amekaa.

Bibi Pasi hana cheti. Kesho yake asubuhi nilimkuta chumba cha pasi, foronya mkononi, ananisubiri tufundishane kana kwamba hakuna lililotokea. Nami nikamfundisha. Mtihani mwingine ni wa kundi lijalo, na kama mpaka wakati huo atakuwa bado na kazi yake hakuna anayeweza kunihakikishia. Mratibu anasema niwe na subira.

Sasa nikuambie uso ule niliuona wapi. Unakumbuka mwaka niliorudia darasa kwa sababu ya ugonjwa, ukanikuta, tukakaa dawati moja, mkubwa na mdogo. Kila siku ya kufunga shule wewe ulisomwa wa kwanza, na mimi nilisomwa huko nyuma ya ishirini, na shule nzima ikigeuka kumtafuta dada mtu. Nilikuwa nikifika nyumbani sili. Mama alikuwa akikutuma wewe ndiye uje unibembeleze, wewe uliyenishinda, na ulikuwa unakuja na sahani unasimama mlangoni. Halafu ukaja mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, mimi nikachaguliwa na wewe ukaachwa. Mwalimu akasema umelewa sifa. Marehemu baba akakununia mwezi mzima. Wewe ukasema maswali yalikuwa magumu, ukacheka, mambo yakaisha. Nami niliamini, kwa sababu nilipenda kuamini. Nilijiambia nimekushinda kwa bidii, na kwa bidii hiyo hiyo nimekwenda sekondari, nimekwenda chuo, nimevuka mpaka huku, na wewe umebaki na cherehani na mama.

Lakini ndani ya chumba cha mtihani niliinua kichwa mara moja. Muda ulikuwa bado mwingi. Ulikuwa umeweka kalamu chini na unanitazama. Ukatabasamu kidogo, ukainamisha macho. Nikadhani umemaliza.

Sasa nakuuliza, na nakuomba usinijibu kwa utani wako: ulikuwa umemaliza?

Kama jibu ni lile ninalolidhani, usitegemee nitakushukuru. Nimekukasirikia, mdogo wangu, nisamehe, nimekukasirikia kuliko nilivyomkasirikia mtu yeyote huku. Ulikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, nani alikupa ruhusa. Bibi Pasi angalau alimwona mwenzake anajishusha, akapata nafasi ya kunyanyuka na kutoka. Mimi hukunipa. Nilikaa tu pale nikaandika mpaka kengele ikagonga, na nimeendelea kuandika mpaka leo.

Ukurasa huu usimsomee mama. Mwambie tu kwamba nakula vizuri, jiko liko chini tu ya chumba changu, na wanafunzi wamefaulu. Mwambie dawa za goti asizikatishe kwa sababu ameona nafuu. Wasalimie majirani wa pande zote mbili, na yule anayekuletea nguo za kupunguza kila wiki mwambie aache kunenepa na kukonda, akuonee huruma. Mkataba wangu ukiisha narudi, na nikirudi mama ni zamu yangu. Wewe utafute vitabu vyako vilipo. Usiniambie umechelewa. Wanafunzi wangu wana wajukuu.

Nasubiri jibu lako. Likiwa fupi sawa, ilimradi lisiwe la kukosea makusudi.

Ni mimi, dada yako,
uliyempisha.